Si Ulaya Twendako



Mwezi ujao, Mungu akipenda, mimi na mke wangu tutauacha mji huu wa Likasi tuliozaliwa, twende kukaa miaka miwili katika nchi nyingine na kufanya kazi bila mshahara. Yeye ni mkunga, nami ni seremala na mwalimu wa useremala. Tutapewa nyumba ya kulala na posho ya chakula, basi.

Habari hiyo ilipoenea katika Kikula, wageni wakaanza kuingia nyumbani kwetu. Baba mdogo alikuja amevaa koti lake la Jumapili, akauliza, "Mwanangu, ni Ubelgiji au ni Kanada?" Nikamjibu, "Baba mdogo, ni Zambia." Alinyamaza kitambo, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Zambia! Kule unakotoka unga wa bukari yetu?"

Naam, ni huko huko. Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni kilomita 120 hivi, na mpaka wa Kasumbalesa hauko mbali na hapo. Sisi twakwenda mbele zaidi, mpaka wilaya ya Nchelenge, karibu na Ziwa Mweru, katika makao ya wakimbizi yaitwayo Mantapala. Wengi wa wakaao huko si wageni kwetu. Mwaka 2017 vita viliwakimbiza watu katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika, upande wa Pweto na Moba, na maelfu wakavuka mpaka. Serikali ya Zambia iliwafungulia makao hayo mwaka 1 baadaye, ikawapa ardhi ya kujenga na kulima. Tangu mwisho wa 2021 baadhi yao wamerudi Pweto, lakini wengine wangali huko.

Basi tutawafuata watu wa mkoa wetu wenyewe, wasemao Kiswahili na Kibemba kama majirani zetu. Kifaransa changu nilichojivunia hakitanifaa sana, kwa kuwa shule za huko zafundisha kwa Kiingereza. Watoto wetu wawili watakaa darasani bila kuelewa neno, mpaka wazoee. Yatanifaa randa na msumeno tu.

Yawapasa wasomaji wa mbali kujua jambo moja. Hapa kwetu kusema "naondoka kwa hiari yangu" kwatisha watu. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mpango ulioitwa kwa Kifaransa "départ volontaire", yaani kuondoka kwa hiari. Kila mtaa wa Likasi wamjua mmoja wao. Kwa hiyo mke wangu aliposema mbele ya wazee kwamba sisi ni "volontaires", bibi mmoja alishika kichwa akauliza, "Mtoto wangu, wamekulipa kiasi gani ili uondoke?" Ikatubidi kueleza kwamba hakuna aliyetulipa, wala hakuna atakayetulipa.

Sitaki kujionyesha kuwa mtu mwema kuliko nilivyo. Wazo hili lilikuwa la mke wangu. Mimi nilitafuta sababu za kulikataa kwa miezi mingi. Nilisema watoto ni wadogo, wateja watanipotea, paa la nyumba lavuja. Usiku mmoja akaniambia kwa upole, "Paa hutengenezwa, na wateja watakusubiri au watampata mwingine. Waogopa kurudi mikono mitupu na kuitwa mjinga." Sikuwa na jibu, kwani ndivyo ilivyokuwa. Tangu siku ile tukaanza kujitayarisha kweli. Tulilipa madeni yetu yote, hata yale madogo ya dukani. Tulimkabidhi mdogo wangu nyumba na funguo za karakana mbele ya mashahidi. Tukawaambia ndugu zetu wazi kwamba kwa miaka miwili hatutatuma fedha, wasije wakangoja na kutulaumu.

Likabaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni ruhusa ya mama yangu. Ni mjane, na mimi ni mwanawe wa kwanza. Mara tatu tulikwenda kumwambia, na mara tatu alibadili maneno. Mara ya nne alikuwa akitwanga sombe uani. Hakuacha kutwanga. Aliuliza tu, "Hao watu walifukuzwa na nani?" Nikamweleza habari za vita. Akasema, "Unakijua kinu hiki?" Nikasema, "Ni kinu chako, Mama." Akatikisa kichwa.

Hapo yafaa niwakumbushe wasomaji vijana jambo ambalo wazee wetu hawapendi kulisema. Mwaka 1992 na 1993 ndugu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga. Hapa Likasi maelfu walikaa stesheni na katika shule, wakingoja gari moshi la kuwapeleka Kasai, ambako wengi wao walikuwa hawajakanyaga hata siku moja. Wengine walikufa wakingoja. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Nakumbuka kwamba rafiki yangu wa nyumba ya pili hakuja tena kucheza, na kwamba hakuna aliyeniambia kwa nini.

Mama akaweka mchi chini. "Kinu hiki ni cha mama ya rafiki yako. Alikiacha hapa siku ile walipotolewa. Alikaa stesheni majuma matatu, nami nilijua. Asubuhi moja nilimpikia uji, nikautia katika chombo na kukifunga kwa kitambaa. Nilifika mlangoni, nikarudi. Niliogopa watu watasema mimi ni mtu wao. Jioni tuliunywa uji ule sisi wenyewe. Na wewe uliunywa."

Hatukupata la kusema. Baada ya kitambo mke wangu alipiga magoti, akamshika mikono. Mama akasema, "Mimi sikwenda stesheni, mwanangu. Ninyi nendeni. Na kinu hiki mkichukue. Huko hawakosekani wanawake waliokimbia bila kinu."

Katika Matendo ya Mitume twasoma habari za Akwila na Priskila, mume na mke, mafundi wa kushona hema. Walikuwa wamefukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine, na huko Korintho wakampokea Mtakatifu Paulo nyumbani kwao, wakafanya kazi pamoja. Nimesikia somo hilo mara nyingi katika Misa. Sasa nimeelewa kwamba waliompa mgeni nafasi walikuwa wenyewe wamenyang'anywa yao.

Sisi watu wa Kongo tumezoea kupokea wanaokuja kusaidia. Baada ya uhuru wa 1960 walimu wengi wa Haiti walivuka bahari kuja kufundisha katika shule zetu. Yafaa nasi tutoke, hata kama ni hapo jirani tu. Walakini sitamshauri mtu yeyote avuke mpaka kabla hajatazama mtaa wake. Mama yangu alishindwa kwenda mahali pa karibu kuliko soko, na jambo hilo limemlemea zaidi ya miaka 30.

Kinu kimekwisha kufungwa kwa kamba, nacho ni mzigo mzito kuliko masanduku yetu yote. Baba mdogo amekwisha kulalamika kwamba dereva wa basi atatutoza nauli yake. Basi tutailipa. Mtuombee, ndugu wasomaji, na mumwombee mama yetu anayebaki.