Somo Likikulemea

Kuna maumivu ambayo wazazi wengi hawayatambui, maana hayana homa wala jeraha. Ni maumivu ya kijana aliyekuwa wa kwanza katika shule ya kwao, kisha akaingia katika masomo ya uinjinia, na huko akajikuta wa mwisho. Mimi nimeyaona nyumbani mwangu, hapa Bukavu, kwa mtoto wa dada yangu.

Kijana huyo alikuwa katika mwaka wa pili wa ujenzi. Somo lililomlemea ni lile la uimara wa vifaa, ambalo wanafunzi huliita kwa kifupi R.D.M. Lafundisha jinsi boriti na nguzo zinavyochukua mzigo, zinavyopinda na zinavyovunjika. Katika mtihani wa kwanza alipata alama 4 juu ya 20. Mama yake alikuwa ameuza shamba la mihogo ili alipe minervali. Kijana akaniambia: «Mjomba, akili yangu haikuumbwa kwa mambo haya. Afadhali nirudi kijijini kabla sijamaliza mali ya mama.»

Mimi ni katekista. Seminarini nilisoma Kilatini na filosofia, si hesabu za boriti. Lakini najua jinsi somo linavyomshinda mtu, kwa maana Kilatini kilitushinda wengi. Padri aliyetufundisha hakutugombeza pale tulipokwama. Aliturudisha nyuma, neno kwa neno, mpaka mahali pa mwisho tulipokuwa tukielewa, na toka hapo tukaanza kupanda tena. Basi nikamwambia: «Lete silabusi yako, mwanangu. Nieleze mimi nisiyejua.»

Akaanza katika ukurasa wa 60. Nikamwuliza maana ya kila neno, tukawa tunarudi nyuma, hata tukafika katika kitu kiitwacho momenti, yaani nguvu mara umbali. Kumbe, hapo ndipo njia ilipokatika! Aliweza kuandika kanuni, lakini hakuwahi kuiona kwa macho. Taabu yake haikuwa ukurasa wa 60. Ilikuwa ukurasa wa 5.

Tukaenda kwa seremala jirani, tukaazima ubao wenye upana wa sentimita 20 na unene wa sentimita 5. Tukaulaza juu ya mawe mawili yaliyoachana metro 3, nami nikasimama katikati. Ukapinda. Kisha tukausimamisha kwa ubavu, yeye akaushika usianguke, nikapanda tena. Jicho halikuona kupinda. Ubao ni uleule, na mtu ni yuleyule!

Tukarudi mezani, akapiga hesabu. Upana waingia mara moja, lakini kimo hujizidisha chenyewe mara tatu. Ubao uliosimama: 5 × 20 × 20 × 20, yaani 40 000. Ubao uliolala: 20 × 5 × 5 × 5, yaani 2 500. Basi uliosimama hukataa kupinda mara 16 kuliko uliolala, na hukataa kuvunjika mara 4. Tena, mawe yakiachana mara mbili ya kwanza, mzigo uleule wa katikati huupinda mara 8. Kijana akacheka. Ndizo kanuni alizozikariri miezi mingi bila kujua zasema nini.

Jambo jingine lilimwondolea haya. Galileo, mtaalamu mkubwa wa Italia, aliandika habari za boriti katika kitabu kilichotoka mwaka 1638. Alitambua vema kwamba kimo chaongeza nguvu kuliko upana, lakini alikosea mahali boriti inapogeukia ikipinda. Injinia Mfaransa Navier ndiye aliyeyapanga mambo hayo vizuri katika mafundisho yaliyochapwa mwaka 1826. Hiyo ni miaka 188! Na mwanafunzi atakiwa ayaelewe katika miezi michache. Basi, kuchelewa kuelewa si dalili ya upumbavu.

Toka siku ile alifuata desturi nne. Hakuanza hesabu kabla ya kuchora picha ya mzigo. Aliandika kipimo kando ya kila namba. Alikutana na wenzake wawili, kila mmoja akieleza kwa sauti mbele ya wengine. Na alimwendea asistanti na swali moja lililo wazi, si kusema tu: «Sielewi.»

Mwingine atasema: Akariri tu, apite. Hapana, ndugu. Katika njia zetu za Kivu kuna madaraja ya mbao, na juu yake hupita kamyo zimejaa akina mama watokao sokoni. Daraja halitauliza injinia alipata alama ngapi. Litauliza kama alielewa.

Katika kikao cha pili alipata 11 juu ya 20. Masomo mengine bado yamtoa jasho. Wako pia vijana ambao njia yao ni nyingine kabisa, wala kuibadili si aibu. Lakini asiiache mtu kwa sababu ya ukurasa wa 60 kabla hajautazama ule wa 5.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi na alama mbaya, msianze na neno la shamba lililouzwa. Analijua. Mwulizeni kwanza: «Uliacha kuelewa wapi?» Kisha kaeni naye, hata kama hamjui kusoma, mumsikilize akieleza.