Mcheza Kwao Hutunzwa

Wazee wetu wametuachia methali mbili juu ya michezo, nazo kwa mtu asikiaye mara moja zaonekana kupingana. Ya kwanza yasema, Kazi mbaya si mchezo mwema. Ya pili yasema, Mcheza kwao hutunzwa. Sisi walimu twaipenda sana ile ya kwanza, maana yatufaa tunapowaita watoto waache mpira waingie darasani. Ile ya pili twaiacha ikae kimya. Katika habari hii twataka kuwaeleza ninyi, ndugu wasomaji, jinsi ile ya pili ilivyotukemea mwishoni mwa mwaka 2025.

Shuleni petu tuna desturi moja. Siku ya kufunga shule mwezi wa Desemba, vitabu vikiisha kuhesabiwa na vyumba kufungwa, sisi walimu watano huketi barazani tukanywa chai, na kila mmoja hutaja jambo moja lililomburudisha kuliko yote katika mwaka ule. Si mashindano, wala hapana zawadi. Ni njia ya kupumua tu, na ya kujuana; maana mtu humjua mwenzake kazini kwa kazi yake, bali moyo wake humjua kwa lile limchekeshalo na limlizalo.

Wa kwanza kusema alikuwa mwenzetu afundishaye hesabu. Yeye alichagua mashindano ya kandanda yaitwayo CHAN. Yaliitwa ya mwaka 2024, walakini yalicheleweshwa, yakachezwa mwezi wa Agosti 2025 katika Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Tena yana sharti lisilo katika mashindano mengine makubwa ya Afrika: mchezaji hakubaliwi ila awe anacheza katika ligi ya nchi yake mwenyewe. Wale waliokwenda Ulaya kutafuta riziki hawamo. Mwenzetu alitukumbusha kwamba mwaka ule timu ya Tanzania ilivuka makundi ya mashindano hayo kwa mara ya kwanza, ikiwa imewashinda Burkina Faso, Mauritania na Madagaska. Nayo Kenya, iliyokuwa mgeni kabisa, iliwafunga Moroko bao moja kwa bila. Na hao Moroko ndio waliolichukua kombe mwishowe, tarehe 30 Agosti pale Kasarani, kwa kuwafunga Madagaska mabao 3 kwa 2. "Wale ni vijana wa kwetu," alisema. "Twawaona wakipanda basi. Ndiyo sababu nilifurahi."

Wa pili alikuwa mwalimu wa Kiswahili, naye alichagua kitabu. Kitabu hicho ni Peponi, cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1994. Na mwaka 2022 kilitoka kwa Kiswahili kwa kazi ya Bi Ida Hadjivayanis. Yaani hadithi ya pwani yetu ilikaa ugenini miaka 28 kabla ya kurudi kuzungumza lugha ya nyumbani kwao. Yahusu kijana Yusuf, ambaye baba yake alikuwa na deni kwa tajiri mmoja wa misafara, na kwa kuwa hakuweza kulilipa, mtoto akatolewa. Mtoto mwenyewe hakujua. Alimwita tajiri yule ami yake, akadhani anakwenda safari tu. Akafuata msafara mpaka bara, akaona mengi, hata kufikia siku zile Wajerumani walipokuwa wakikusanya watu kwa vita. Mwenzetu alikuwa akitusomea kurasa chache jioni, nasi tulikuwa tukinyamaza kimya, hata chai ikapoa. Kisha akawasimulia watoto wa darasa la sita, akawaonyesha jinsi kijana huyu alivyofanana na Yusufu wa kitabu cha Mwanzo, aliyeuzwa na ndugu zake. Neno hilo la darasa la sita mlikumbuke, maana tutalirudia.

Wa tatu alikuwa bibi mwalimu wa kwaya. Alichagua wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, walioimba watoto wake asubuhi ya tarehe 20 Aprili. Wengine tulistaajabu, kwa kuwa wimbo huo si mpya; tumeuimba tangu utoto. Akatujibu kwamba mwaka huo ndipo alipojua habari zake. Maneno yake yaliandikwa mwaka 1966 na mchungaji Bernard Kyamanywa wa Kanisa la Kilutheri, na sauti yake ni ya kwetu Tanzania, haikutoka ng'ambo. Kutoka huku ukatafsiriwa kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, na leo makanisa ya Ujerumani na Marekani huuimba Pasaka ikifika. "Nilikuwa nikiwafundisha watoto nyimbo za Wazungu miaka yote," alisema, "nami sikujua ya kuwa Wazungu nao wanaimba wimbo wetu."

Wa nne alikuwa kijana wetu, mwalimu mpya. Yeye alisema kwa unyofu kwamba amecheka sana mwaka ule kwa vichekesho vya kwenye simu, vile vifupi vya dakika moja moja. Tukamwambia atusimulie kimoja. Akafikiri. Akakuna kichwa. Akafungua simu yake atafute, kisha akaifunga. "Nimevitazama vingi," alisema, "lakini hata kimoja hakikubaki." Tukamcheka, walakini kila mmoja wetu alicheka huku akijua ya kwamba na yeye yumo.

Wa mwisho alikuwa mzee wetu, aliyekwisha kustaafu naye bado hutusaidia. Alichagua bao. Wasomaji walijuao hawana haja ya maelezo. Lakini kwa vijana tutasema kwamba ni ubao wenye mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, kila mchezaji akiwa na 32. Huanza na chache ubaoni, na 22 zikiwa mkononi, akizinamua moja moja. Hakuna bahati katika bao. Mtu hushindwa kwa hesabu yake mwenyewe. Mzee alikuwa akicheza na mjukuu wake kila jioni mwaka mzima, na mwezi wa Novemba mjukuu akamshinda kwa mara ya kwanza. "Nilikwenda kulala nikiwa na furaha," alisema, "kuliko siku zote nilizoshinda mimi."

Basi tukadhani tumemaliza. Mama mpishi wa shule, aliyekuwa akitumiminia chai, alikuwa amesikia yote tangu mwanzo. Akaweka birika chini, akasema, "Jamani walimu wangu, mbona mchezo wa Yusufu hamkuutaja? Sisi huku kitongojini, mwaka huu hatukuona jambo zuri kuupita ule. Mimi nililia. Na mama yake mwenyekiti alilia."

Hapana aliyemjibu. Hatukuutaja kwa sababu hatukuuona.

Ilikuwa hivi. Watoto wa darasa la sita, baada ya kusimuliwa habari za Yusuf wa kitabu na Yusufu wa Biblia, walikwenda wakatunga mchezo wao wenyewe. Waliandika maneno kwenye daftari, wakagawana kazi, wakaomba ruhusa wauonyeshe Ijumaa ya tarehe 22 Agosti usiku, kabla ya likizo fupi. Tuliwapa ruhusa. Tena tuliwaahidi kwamba walimu wote watakaa mbele. Mzee wetu peke yake hakuahidi, kwa kuwa macho yake hayamruhusu kutembea usiku.

Kisha Tanzania ikavuka makundi, na mchezo wa robo fainali na Moroko ukaangukia usiku ule ule, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Tukashauriana. Kwa kweli hatukushauriana. Tulitazamana tu, na kila mmoja akaona katika uso wa mwenzake lile alilolitaka. Tukawaambia watoto, "Anzeni tu, sisi tutakuja mapumziko yakifika." Tukaenda kwenye kibanda kile cha kuonyesha mpira, karibu na njia kuu, hata bibi mwalimu wa kwaya. Mapumziko yalipofika, timu zilikuwa bado hazijafungana, nani angeondoka? Katika kipindi cha pili Moroko wakapata bao moja, na hilo ndilo lililotutoa. Tukakaa mpaka filimbi ya mwisho, kisha tukarudi kwa miguu, kimya, kama watu watokao mazikoni.

Usiku ule haukuwa na mwezi. Tulipofika shuleni tulikuta watoto wanarudisha madawati darasani kwa mwanga wa taa mbili za sola. Wazazi walikuwa wamekwisha kwenda. Mkeka uliotandikwa mbele kwa ajili yetu ulikuwa bado upo, nao haukukanyagwa. Yule mvulana aliyekuwa Yusufu alikuwa bado amevaa kanzu yake, iliyoshonwa kwa vipande vya kanga za rangi nyingi; mama yake alikuwa ameishona. Akaweka dawati chini, akatuamkia, "Shikamooni, walimu." Tukaitikia. Akauliza, "Je, tumeshinda?"

Tukamwambia, "Tumefungwa, moja bila."

Akasema, "Poleni, walimu." Akalichukua dawati lake akaenda.

Ndugu wasomaji, tulikuwa watu wazima wanne pale, wote tumesomea ualimu. Hapana hata mmoja aliyemwuliza mtoto yule, "Nanyi, mchezo wenu umekwendaje?" Yeye alitupa pole kwa mchezo wetu, nasi hatukumpa hongera kwa mchezo wake.

Tulijisemea kwamba tutauona baada ya likizo. Likizo ikaisha, na mvulana yule hakurudi. Baba yake alikuwa amepata kazi katika shamba la mkonge, wakahama nyumba nzima. Mwezi wa Novemba watoto waliurudia mchezo kwa ajili yetu, na mwingine akavaa kanzu ile, maana mama yule aliiacha shuleni. Ulikuwa mzuri. Tuliona ndugu wakipatana bei, tukaona yule aliyetoa vipande ishirini vya fedha akivihesabu kimoja kimoja kwa mbegu za ukwaju, watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Lakini mama mpishi alituambia ukweli: yule wa kwanza, alipotolewa shimoni, alikuwa akitazama mbele kwenye mkeka, kama atafutaye mtu wa kumwokoa. Sasa hatuwezi kujua kama ilikuwa sehemu ya mchezo, au alikuwa akitutafuta sisi.

Hatusemi kwamba kutazama kandanda ni dhambi. Mwenzetu wa hesabu bado ataka CHAN iwe ndiyo furaha yake ya mwaka, nasi hatumpokonyi. Wale vijana wa timu yetu nao ni wachezaji wa kwao, nao walistahili kushangiliwa. Wala hatusemi simu zitupwe mtoni. Lile tulilojifunza ni dogo kuliko hayo. Hapo zamani, mtu akicheza vizuri ngomani, jamaa zake huingia uwanjani wakamtunza, kwa pesa au kwa kanga au kwa kumfuta jasho tu. Ndiyo maana ya methali. Mgeni hutunzwa kwa uzuri wa mchezo wake. Bali aliye wako humtunza kwa kuwa ni wako, na yeye huwatazama watu akitafuta uso wako. Timu ya taifa siku ile ilikuwa na uwanja mzima wa kuishangilia. Watoto wetu walikuwa na mkeka mmoja, nao tuliuacha mtupu.

Tukitazama tena yale tuliyoyataja barazani, twaona kwamba tulikuwa tumekwisha kulisema neno hili bila kujua. Kitabu kilichorudi kwenye lugha ya kwao, wimbo uliotungwa kwetu tusiujue thamani yake, mjukuu aliyemshinda babu yake: yote yalikuwa ya nyumbani. Vinywa vyetu vilikuwa vimeelewa kabla ya miguu yetu.

Kwa hiyo mzee wetu, ambaye peke yake hakuwa na hatia, aliandika katika daftari la shule mambo mawili, nasi sote tukatia sahihi. La kwanza: siku watoto waonyeshapo mchezo, walimu watakuwapo kabla taa hazijawashwa, hata kama Tanzania inacheza fainali. La pili: Desemba ijayo, kabla mwalimu hajataja lililomburudisha yeye, atataja kwanza jambo moja alilofanya mtoto wa shule yetu, naye awe ameliona kwa macho yake. Asiyekuwa nalo atanyamaza, anywe chai.

Tumemtumia mvulana yule barua kwa mkono wa dereva mmoja aendaye huko mashambani. Tumemwambia kwamba tuliuona mchezo wao, na kwamba kanzu yake ipo. Tumemwambia pia lile tulilopaswa kumwambia usiku ule. Bado hatujapata jibu.

Nabii Zekaria, katika sura ya nane, alipotaka kuwaonyesha watu jinsi mji wa Bwana utakavyokuwa siku ya kurejezwa kwake, hakutaja dhahabu wala kuta. Alitaja wazee, kila mtu na mkongojo wake, wameketi katika njia kuu; na njia zile zimejaa watoto wa kiume na wa kike wanaocheza. Wazee wameketi na watoto wanacheza, mahali pamoja. Basi ninyi mlio na watoto nyumbani, wakiwaita jioni hii, "Baba, njoo uone," inukeni mwende.