Baada ya Kupona

Watu wengi hudhani kwamba ugonjwa una milango miwili tu, wa kuingilia na wa kutokea, na kwamba aliyetoka salama hana neno tena. Mimi pia nilidhani hivyo. Niliugua saratani nilipokuwa na umri wa miaka tisa, nikapona. Lakini ilinichukua miaka mingi kujua kwamba kupona ni kazi, na kwamba kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Kama uliwahi kuugua, au una ndugu au mwenzako darasani aliyeugua, huenda niliyoyaona yakakufaa.

Kwetu ni Kariokor, Nairobi. Jina hili lina historia yake. Katika Vita Kuu vya mwaka 1914 hadi 1918 Waingereza waliwakusanya wapagazi wengi wa Afrika Mashariki katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Watu walilitamka jina hilo kwa ulimi wao: Nairobi likawa Kariokor, na Dar es Salaam likawa Kariakoo. Wapagazi wale walibeba chakula na risasi, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na silaha. Leo mahali hapo pana soko mashuhuri la vyondo, viatu vya ngozi na nyama choma. Mama yangu husuka vyondo na kuviuza sokoni humo, nami nimelelewa kati ya mafungu ya katani na harufu ya ngozi.

Katika utoto wangu nilikaa na bibi yangu karibu na Ziwa Victoria, nikaugua malaria mara nyingi, kisha nikaletwa Nairobi kusoma. Siku moja taya langu la kushoto lilivimba, na meno yakalegea bila maumivu makubwa. Kila mtu alisema ni jino. Likang'olewa la kwanza, likang'olewa la pili, na uvimbe ukazidi kukua siku kwa siku. Mwisho tulikwenda Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na huko mama akaambiwa neno ambalo alinificha kwa muda wa majuma mawili.

Ugonjwa wenyewe waitwa limfoma ya Burkitt. Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji, mzaliwa wa Ireland, aliyefanya kazi Mulago, mjini Kampala. Mwaka 1957 alianza kuwaangalia kwa makini watoto wenye uvimbe wa taya, na mwaka 1958 akaandika habari zao. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu mwendo wa maili 10,000 hivi, wakiuliza hospitali kwa hospitali mahali ugonjwa huo unapoonekana. Walikuta kwamba huonekana zaidi katika nchi za joto na mvua nyingi, nazo ndizo nchi za malaria. Burkitt mjini Kampala, na Peter Clifford mjini Nairobi, walikuwa miongoni mwa madaktari wa mwanzo walioonyesha kwamba saratani yaweza kuondoka kwa dawa peke yake. Nayaeleza haya ili ujue kwamba elimu hii haikuletwa kwetu yote kutoka ng'ambo. Sehemu yake ilizaliwa hapa, katika vitanda vya watoto kama mimi.

Dawa zilinitapisha na kuninyoa nywele zote, lakini taya lilinywea upesi. Upesi huo ndio mtego. Katika kitanda cha pili alilala mvulana wa umri wangu, stadi wa kuchora magari. Baada ya dawa ya pili uso wake ulikuwa kama wa mtu mzima wa afya. Baba yake alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wote aliokuwa nao. Alimtazama mwanawe, akasema, “Mtoto amepona,” akamchukua kwenda nyumbani. Mvulana yule aliniachia picha ya basi lenye abiria hata juu ya paa. Hakurudi kumaliza dawa zake, na ugonjwa huu haumsamehi aliyeuacha nusu.

Mama yangu alikuwa karibu kufanya vivyo hivyo, kwa kuwa fedha zilikuwa zimekwisha, na ugonjwa wangu alikuwa amewaficha watu wote. Siku moja mwanamke wa meza ya jirani alimwona akisuka huku analia, akamwuliza. Siri ilipotoka, wanawake wa soko walikaa wakapanga: huyu atauza vyondo vyake siku za hospitali, yule atatoa nauli, wengine watachanga fedha za dawa. Hata mafundi wa viatu walichanga. Laiti mama angalisema mapema, tungalipunguziwa machozi mengi.

Nikarudi shuleni, na huko hapakuwa rahisi. Walikuwako wenzangu waliokataa kukaa nami katika benchi moja, wakisema saratani huambukiza. Saratani haiambukizi kwa kukaa pamoja, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kushikana mikono. Lakini sikuwa na ujasiri wa kusema hivyo. Nikajifunza kunyamaza. Nilipofika umri wa miaka kumi na sita nikaacha kwenda kliniki kabisa, kwa kuwa nilichoka kuitwa mgonjwa. Ikapita miaka miwili.

Aliyenirudisha ni mzee mmoja fundi wa viatu. Alisikia habari zangu kwa mama, akaniita kibandani kwake. “Mjukuu wangu,” alisema, “shilingi zangu zilikupeleka hospitali. Sikuzidai hata siku moja. Leo nazidai, na utanilipa kwa kwenda tena.” Nilikwenda nikiogopa kukaripiwa. Muuguzi aliyenikumbuka alinipima uzito, akatabasamu, akasema, “Umerefuka.” Nilipimwa damu na moyo, na vyote vilikuwa salama.

Siku hiyo nilielezwa jambo ambalo kila kijana aliyepona yampasa kulijua. Baadhi ya dawa za saratani zaweza kudhoofisha moyo miaka mingi baadaye. Nyingine hudhuru masikio, figo au uwezo wa kuzaa. Si kila mtu hupatwa, lakini anayepimwa hugunduliwa mapema. Kwa hiyo andika katika daftari jina la ugonjwa wako, majina ya dawa ulizopewa, kipimo chake na tarehe zake, kwani daktari wa watu wazima utakayemwendea kesho hakukujua ulipokuwa mtoto. Ukipatwa na homa isiyoisha au uvimbe mpya, nenda upesi. Jiepushe na tumbaku na ulevi. Kula mboga, maharagwe na matunda, lala usingizi wa kutosha, tembea. Mimi huenda mjini kwa miguu na kurudi kila nipatapo nafasi.

Tena usikae peke yako. Hofu haitoki mwilini pamoja na uvimbe. Hata leo jino likiniuma, moyo wangu hushtuka kabla ya akili. Niliwatafuta vijana wengine waliopona, na tulipokutana mara ya kwanza tulicheka sana, kwa kuwa kila mmoja alidhani ni yeye tu anayejipapasa shingo usiku. Nairobi kuna jumuiya kama Faraja, iliyoanzishwa mwaka 2010, ambazo huwasaidia wagonjwa na jamaa zao kwa ushauri na kwa mambo mengine.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 lilianzisha juhudi ya kufikisha angalau 60 kote duniani ifikapo mwaka 2030. Tofauti hiyo haitokani na ushujaa wa watoto. Hutokana na ugonjwa kugunduliwa kwa kuchelewa, dawa kukosekana au kuachwa katikati, na nauli kukosekana.

Basi, msomaji, mwenzako akirudi shuleni bila nywele, kaa naye katika benchi moja. Mwonyeshe masomo yaliyompita. Ukijua kwamba hana nauli ya kliniki, usinyamaze. Mwambie mwalimu au mzazi. Picha ya basi ningali nayo ndani ya daftari langu la hospitali. Mvulana aliyeichora alihitaji nauli ya safari chache tu zaidi, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza baba yake kwa nini analia.