Wimbo Uliotoka Pangoni

Mtu akitoka Naha, mji mkuu wa Okinawa, akashika njia ya kusini kuelekea Itoman, hupokewa na mashamba ya miwa. Juu ya ardhi pametulia. Chini yake mna mapango ya mawe ya chokaa, na humo ndimo kilimo chanzo cha habari hii.

Mwezi Machi 1945, siku chache kabla majeshi ya Marekani hayajatua kisiwani, wasichana 222 wa shule mbili, wenye umri wa miaka 15 hadi 19, pamoja na walimu wao 18, walichukuliwa na jeshi la Japani kuwauguza askari. Waliteka maji chini ya mizinga, wakazika maiti, wakawashika majeruhi waliokuwa wakikatwa miguu. Juni 18 wakaambiwa kikosi kimevunjwa, kila mmoja ajitafutie njia. Na nje ya pango hapakuwa na njia. Katika watu hao 240 walikufa 136, wengi wao katika siku zilizofuata amri hiyo.

Makumbusho ya Himeyuri yalifunguliwa mwaka 1989 kando ya mojawapo ya mapango hayo. Mwaka 1991 aliingia humo kijana Kazufumi Miyazawa, mwimbaji wa bendi ya roki iitwayo The Boom, mzaliwa wa Kofu katika kisiwa kikuu cha Japani. Alimsikiliza mmoja wa wanawake walionusurika, akaona haya kwamba alikuwa hayajui hayo. Aliazimia kutunga wimbo ambao bibi yule angeusikia. Ndio "Shima Uta", yaani Wimbo wa Kisiwa.

Kwa juu ni wimbo wa wapendanao wanaoachana; vita vimefichwa ndani. Hupigwa kwa sanshin, ala ya nyuzi tatu iliyowambwa ngozi ya chatu, inayomkumbusha mtu gambusi. Katika kambi za baada ya vita wenyeji waliitengeneza kwa makopo matupu na nyuzi za miavuli ya askari. Ngazi ya sauti za Okinawa huruka re na la, nayo ndiyo inayoongoza wimbo. Lakini unapofika pale pa kuagana chini ya miwa, yaani pangoni, Miyazawa aliiacha akatumia ngazi ya kwao. Waliofia humo, alieleza baadaye, walitolewa mhanga kwa ajili ya Japani kuu. Hakuweza kuwavika sauti za Okinawa.

Je, mgeni ana haki ya kuuimba msiba wa wenyeji? Swali hili lilimtesa. Okinawa ilikuwa ufalme wa Ryukyu hata Japani ilipoitwaa mwaka 1879, na baadaye mtoto aliyesema lugha ya nyumbani shuleni alivikwa kibao shingoni. Adhabu ambayo wazee wengi wa Afrika Mashariki hawana haja ya kuelezwa. Shoukichi Kina, mwanamuziki mashuhuri wa kisiwani, alimtia moyo. Hata hivyo wapo waliomlaumu.

Nadhani jibu lake bora lilikuwa namna alivyoutoa wimbo. Ulikuwa tayari umo katika albamu ya Januari 1992. Desemba 12 mwaka huo sahani yake ya pekee ilitolewa kwa lugha ya Okinawa, ikauzwa Okinawa tu. Wenyeji walipokwisha kuupokea, Juni 21, 1993 ukatolewa Japani nzima kwa Kijapani, zikauzwa nakala zaidi ya milioni moja na nusu. Baadaye ulivuka bahari hata Argentina, wanakoishi wajukuu wengi wa wahamiaji wa Okinawa. Huko mchekeshaji Alfredo Casero aliuimba kwa Kijapani, ukapendwa sana.

Umaarufu huo uliongeza hamu ya sanshin, na shingo ya sanshin nzuri huchongwa kwa mti mweusi mgumu, mfano wa mpingo, ambao umeadimika kisiwani. Tangu mwaka 2012 Miyazawa na wenyeji wa Yomitan wamekuwa wakipanda miche yake na kuipalilia. Mradi huo umepewa muda wa miaka 100.