Piga Hodi Kabla ya Kupiga Picha

Mpenzi msomaji, Oktoba inapoingia sisi huku hutazama mbingu tukisubiri mvua za vuli. Jijini Nairobi mijakaranda huwa imechanua, na kando za barabara zimefunikwa maua ya zambarau. Lakini kaskazini mwa dunia mwezi huo huo una habari nyingine. Miti hujiandaa kwa baridi kali, na kabla ya kupukutisha majani hubadilika rangi: manjano, chungwa, shaba, na nyekundu kama kaa la moto. Milima mizima hugeuka, hata mgeni asiyejua akadhani msitu unaungua.

Pengine wewe ni mwanafunzi unayejiandaa kwenda kusoma Marekani. Au pengine una shangazi katika mji wa Lowell, jimbo la Massachusetts, ambako Wakenya wengi wameweka makao, naye amekualika umtembelee. Ukijaaliwa kufika huko majira hayo, usikae nyumbani kutazama televisheni. Chukueni gari na kamera, mwelekee kaskazini hadi jimbo la New Hampshire. Leo nitakuonyesha njia. Nakuomba pia ubebe neno moja la Kiswahili ambalo wageni wengi wa huko hawalijui. Neno lenyewe ni hodi.

NJIA YA KILOMITA 55

Barabara yenyewe inaitwa Kancamagus, jina la chifu wa wenyeji wa asili wa eneo hilo aliyeishi karne ya 17. Huanzia mji mdogo wa Lincoln na kuishia Conway, mwendo wa kilomita 55 hivi, ikikatiza safu ya White Mountains. Ilikamilika kutoka mwisho hadi mwisho mwaka wa 1959. Ukitoka Lincoln utapanda kona baada ya kona hadi kimo cha mita 870 hivi, kisha utateremka na kufuatana na Mto Swift karibu hadi Conway.

Njiani hakuna kituo cha petroli, na mawasiliano ya simu ni ya shida. Kwa hivyo jazeni tangi mapema, mbebe maji na chakula, na mwambieni mliyemwacha nyumbani mtarudi saa ngapi. Dereva akumbuke kwamba kule magari hupita upande wa kulia. Jioni apunguze mwendo zaidi, kwani kuna mnyama wa porini mwenye pembe pana kama sinia, mrefu kumpita farasi, ambaye hujitokeza barabarani giza linapoingia. Kumgonga ni kuhatarisha maisha ya wote walio garini.

Rangi nazo hazifiki kwa siku moja. Huanza vileleni na upande wa kaskazini mwishoni mwa Septemba, zikateremka polepole mabondeni na kusini. Katika Kancamagus, kwa kawaida hukolea katika wiki mbili za kwanza za Oktoba. Ukiweza, epuka mwisho wa juma unaoungana na Jumatatu ya pili ya mwezi huo. Hiyo ni sikukuu, na magari hufuatana kama siafu.

KWA NINI MAJANI HUGEUKA?

Watoto watakuuliza, nawe hapana budi uwe na jibu. Jani huwa la kijani kwa sababu ya klorofili, ambayo husaidia mti kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Siku zinapofupika na baridi kuingia, mti huacha kutengeneza klorofili, na ile iliyomo huvunjika. Hapo rangi ya manjano iliyokuwa imejificha ndani ya jani tangu mwanzo hujitokeza. Ni ya jamii moja na ile inayoipa karoti rangi yake.

Wekundu ni jambo tofauti. Huo hutengenezwa wakati huo huo, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha ndio huleta wekundu mzuri. Hatimaye tabaka jembamba hujijenga pale kikonyo kinaposhikana na tawi, na jani huanguka.

Mfalme wa rangi hizi ni mti uitwao mepo, ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada tangu mwaka wa 1965. Utomvu wa mti huo huchemshwa kuwa sharubati nzito, tamu, inayomiminwa juu ya chapati za maji. Huhitajika takriban lita 40 za utomvu kupata lita moja tu ya sharubati. Ukiiona inauzwa kwa bei ya juu, usishangae.

JINSI YA KUPATA PICHA NZURI

Kosa la wengi ni kutaka kuubeba mlima wote katika picha moja. Wakirudi nyumbani hupata madoadoa ya rangi yasiyo na kichwa wala miguu. Chagua kitu kimoja: mti mmoja mwekundu kati ya misonobari ya kijani, jani moja juu ya jiwe la mtoni, au shina jeupe lililozungukwa na manjano. Karibu na Conway kuna daraja la mbao lenye paa, lililojengwa mwaka wa 1858. Paa hilo si pambo. Liliwekwa ili mvua na theluji zisiozeshe mbao za daraja. Mwache mtoto asimame mlangoni pake, na picha yako itapata kipimo na uhai.

Usikate tamaa mawingu yakitanda. Mwanga laini wa siku ya mawingu hukoleza rangi, na majani yaliyolowa mvua hupendeza kuliko makavu. Jua likiwaka, zunguka mti hadi mwanga upenye majani ukitokea nyuma yake, nayo yatang'aa kama taa. Mwenye kamera kubwa afunge mbele ya lenzi kile kichujio cha kukata mng'ao. Mwenye simu tu asijione mnyonge, bali aifute lenzi yake na ashike simu kwa mikono miwili. Mapema Oktoba jua huchomoza huko karibu saa moja kasorobo asubuhi na kutua saa kumi na mbili na robo jioni. Saa ya kwanza na ya mwisho ndizo za dhahabu, na alfajiri ukungu hulala mabondeni kama maziwa ndani ya bakuli.

Zaidi ya yote, usisimamishe gari katikati ya barabara. Kuna sehemu nyingi zilizotengwa za kuegesha. Picha moja haifai kumtia mtu kaburini.

HODI, WENYEWE?

Sasa nirudi kwa lile neno letu. Ukivuka Mto Connecticut kwenda magharibi, utaingia jimbo la Vermont, ambalo nalo ni maarufu kwa rangi hizi. Huko kuna kijiji kiitwacho Pomfret, na katika kijiji hicho kuna shamba moja lenye nyumba ya zamani chini ya mlima. Picha za shamba hilo zilienea duniani kupitia mitandao ya kijamii. Wageni wakaanza kumiminika kwa mamia. Waliegesha magari hadi njia nyembamba ya udongo ikazibika. Wengine walipuuza ishara za kuwazuia wakaingia uani, wakakanyaga bustani za watu. Wengine walikuja na vibanda vya kubadilishia nguo, kana kwamba boma la mtu ni jukwaa la maonyesho.

Mwaka wa 2023 wenyeji walichoka. Uongozi wa kijiji ulifunga barabara zinazoelekea huko kwa wote wasio wakazi, kuanzia tarehe 23 Septemba hadi 15 Oktoba, yaani wakati ule ule rangi zinapokolea. Mgeni mpole na mgeni mkorofi wote walirudishwa njiani. Samaki mmoja akioza, wote huoza.

Msomaji wangu, jiulize wewe ungeonaje. Umeamka asubuhi kukamua ng'ombe, unakuta watu usiowajua wamekaa kwenye ngazi za nyumba yako wakipigana picha, na hakuna hata mmoja aliyekusalimu. Sisi tulifundishwa utotoni kwamba mlango ukiwa wazi bado hupigiwa hodi, na usipojibiwa unarudi zako. Adabu hiyo haihitaji viza. Kule, hodi ni kusoma kibao na kukitii. Ni kubaki upande wa barabara wa ua. Ukimwona mwenyewe, mpungie mkono, umsalimie, umwombe ruhusa.

Katika vijiji hivyo pia utaona vibanda vya maboga na tufaha visivyo na mwuzaji, ila kisanduku cha kutilia pesa. Mwenyewe amekuamini kabla hajakuona. Weka pesa kamili.

MSITU NAO UNA WENYEWE

Hata pale pasipo na nyumba, kuna wa kuheshimiwa. Milima hii unayoipiga picha haikuwa hivi siku zote. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, kampuni za mbao ziliikata misitu ya White Mountains, na mioto ikateketeza matawi makavu yaliyoachwa nyuma. Wananchi walilalamika, na mwaka wa 1911 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuiruhusu serikali kununua ardhi na kuihifadhi. Msitu wa kitaifa wa White Mountain ulitangazwa mwaka wa 1918, na leo una zaidi ya ekari 700,000. Kumbe rangi hizo ni matunda ya watu waliokataa kunyamaza. Usivunje tawi ili kupamba picha.

Habari hiyo si ngeni kwetu. Mwaka wa 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, uliokuwa ukinyakuliwa. Leo familia za Nairobi hutembea humo na kupiga picha chini ya vivuli vya miti hiyo.

Basi si lazima ungoje nauli ya ndege. Anza Jumapili ijayo, hapa hapa nyumbani, chini ya mjakaranda ulio nje ya ua wa jirani. Chukua kamera yako, uwaite watoto. Ila kabla hujaiinua, ita kwanza: hodi!