Cheti Ukutani, Leseni Bado

Mdogo wangu alipopasi mtihani wa mwisho wa uhasibu wa KASNEB, tulichinja mbuzi nyumbani Diff. Kumbe furaha ilitangulia safari. ICPAK, inayotoa leseni ya ukaguzi wa hesabu chini ya Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008, hudai pia uzoefu wa kazi. Angeupata wapi huku mpakani, penye mifugo tele na ambako sijaona ofisi ya mkaguzi hata moja?

Akarudi Nairobi kufanya kazi chini ya mkaguzi, kwa mshahara usiotosha kodi ya chumba.

“Kwani hakupasi?” mama aliniuliza.

“Alipasi, hooyo.”

Akauza ng’ombe mwingine.

Mzazi mwenzangu, ukilipa ada, bakisha na ya chumba.