Basta ya Utange na Njia Iliyopita

Utange ni mahali palipo ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa kaskazini. Msafiri atokaye mjini huvuka daraja la Nyali, hufuata njia kuu iendayo Malindi, hupita Bombolulu na Bamburi, kisha huiacha bahari na kushika njia ya upande wa kushoto iingiayo bara. Huko ataona minazi, miembe na mikorosho ikisimama kati ya nyumba mpya za matofali, maana mji unakua upesi na mashamba yanapungua. Wenyeji wa asili ni Wamijikenda, na chakula chao cha kila siku ni sima kwa mchicha au kwa samaki.

Yamkini wasomaji wengine watastaajabu nikisema kwamba katika Utange hiyo nimekula chakula cha Kitaliani, nacho hakikutoka katika hoteli za watalii. Kilipikwa jikoni kwa kuni, na bibi mmoja mzaliwa wa Barawa, jirani wa mjomba wangu ambaye nilikwenda kumtazama wakati wa likizo yangu. Chakula hicho kimefika Utange kwa njia ndefu, nayo yafaa kuelezwa.

Barawa ni mji wa kale katika pwani ya Somalia, kusini ya Mogadishu. Lugha ya wenyeji wake, Chimiini, ni ndugu wa Kiswahili chetu. Wataliani waliitawala pwani ile hata mwaka 1941, Waingereza walipowashinda vitani. Wakarudi mwaka 1950 kuisimamia nchi kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, hata siku ya uhuru, tarehe 1 Julai 1960. Katika miaka hiyo yote tambi zao ziliingia katika majiko ya watu. Wasomali, ambao lugha yao haina sauti ya p, waliziita basta, na mchuzi wake wakauita sugo, kama Wataliani wenyewe. Lakini katika mchuzi huo walitia hawaji, yaani bizari, giligilani, pilipili manga, iliki na mdalasini, vitu ambavyo mpishi wa Roma hawezi kuvitambua katika sufuria yake. Tena waliweka ndizi mbivu kando ya sahani, na kila tonge likaliwa na kipande cha ndizi.

Ndizi hizo zina habari zake. Karibu na mto Shebeli, mahali paitwapo Genale, Wataliani walifungua mashamba makubwa, na mwaka 1935 serikali yao iliweka shirika moja tu lenye ruhusa ya kufanya biashara ya ndizi. Haifai kuficha kwamba kabla ya vita watu wengi walilazimishwa kulima katika mashamba hayo, wakaacha mashamba yao wenyewe. Hata baada ya uhuru, mashamba mengine yalibaki mikononi mwa Wataliani kwa miaka kadhaa.

Katika shamba moja la namna hiyo, mjomba wake yule bibi alikuwa mpishi. Bibi alipokuwa msichana wa miaka kumi hivi, alipelekwa huko kwa lori wakati wa kufunga shule, akakaa majuma matatu. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nalikuwa mtoto wa bahari, sijaona mgomba hata mmoja. Asubuhi maji yakifunguliwa katika mifereji, sisi watoto twakimbia nayo hata mwisho wa shamba. Na adhuhuri mjomba hutupa basta iliyobaki mezani kwa bwana wake. Ladha ile sijaionja tena."

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka na vita kuenea, watu wengi wa Barawa walikimbia kwa vyombo vya baharini, wakashuka Mombasa. Bibi naye alikuwa katika mmoja wa majahazi hayo, pamoja na watoto wake. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi liliweka makambi kadha wa kadha hapa pwani, na kambi ya Utange ilikuwa moja ya yale makubwa. Baada ya miaka michache makambi hayo yalifungwa. Wakimbizi wengine walirudi kwao, wengine walihamishiwa kambi za mbali katika bara kavu, na wengi wa Barawa walipokelewa Marekani na Uingereza. Bibi alibaki, kwa kuwa binti yake alikuwa ameolewa hapa.

Sasa mjukuu wake wa kike anajitayarisha kwenda Marekani kwa jamaa zake, na bibi ametaka asiondoke kabla ya kujua kupika basta ile ya Genale. Hapo ndipo ilipokuwa taabu, kwa sababu bibi mwenyewe hakuwahi kufundishwa. Mjomba amekwisha kufa, wala hakuacha maandishi. Kilichobaki ni kumbukumbu ya ulimi tu.

Kwanza walinunua tambi za pakiti dukani. Bibi alionja akatikisa kichwa, akasema hizi ni nyembamba na za mviringo, lakini zile zilikuwa bapa, za rangi ya manjano, na laini. Ndipo alipokumbuka mayai. Kila asubuhi mjomba humtuma kuokota mayai, na jikoni palikuwa na meza iliyojaa unga. Kumbe tambi zile hazikutoka kiwandani. Zilifanywa kwa mkono siku ile ile.

Kwa faida ya wasomaji wanaopenda kujaribu, nitaeleza jinsi ilivyofanywa. Kwa kila gramu 100 za unga wa ngano huvunjwa yai moja, kwa chumvi kidogo, bila maji. Unga hukandwa kwa nguvu muda wa dakika kumi, hufunikwa ukapumzika nusu saa, kisha husukumwa kama chapati, lakini mwembamba zaidi, hukunjwa na kukatwa vipande virefu vyenye upana wa kidole kidogo. Hapa pwani hewa ina unyevu na tambi hugandamana. Kwa hiyo mjukuu alizinyunyizia unga mkavu na kuzitandaza katika ungo penye upepo. Zikitiwa katika maji yanayochemka, dakika mbili au tatu zatosha. Tambi za pakiti hufanywa kwa ngano ngumu na kukaushwa, ndiyo sababu zataka dakika nane au zaidi.

Mchuzi ulikuwa wa nyama ya mbuzi iliyokatwa vipande vidogo sana, vitunguu, kitunguu saumu na nyanya za Taveta zilizonunuliwa soko la Kongowea. Mara ya kwanza ulikuwa mchachu. Bibi alifumba macho, akasema, "Mjomba huteleka nyanya tungali twanywa chai." Basi mara ya pili walipunguza kuni, wakauacha mchuzi uchemke polepole zaidi ya saa mbili, hata mafuta yakaelea juu na uchachu ukaisha. Hawaji ikatiwa mwishoni.

Kuna mzee mmoja pale barazani aliyeuliza kwa nini bibi ahangaike na chakula cha watu waliomtawala, akataja methali ya mwacha asili ni mtumwa. Swali lake si la kudharauliwa, hasa kwa mtu akumbukaye habari za Genale. Lakini mimi nimeona hivi. Mahindi tunayosagia sima yalitoka Amerika, na Wareno ndio wadhaniwao kuyaleta pwani hii. Wala leo hapana Mmijikenda aonaye sima kuwa ni ya Mreno. Chakula huwa cha yule aliyekipika, akakigawa, akawalisha watoto wake. Basta ya Mtaliani haina hawaji wala ndizi. Hii ni ya Barawa, na kwa kuwa imepikwa kwa nyanya za Taveta na mbuzi wa Mmijikenda, sasa ina sehemu ya Utange pia.

Siku ile tulikaa mkekani watu tisa, pamoja na yule mzee wa methali, ambaye alikula sahani mbili. Bibi alinawa, akavunja kipande cha ndizi, akala tonge la kwanza polepole, nasi sote tukamtazama. Kisha akamwambia mjukuu wake, "Imekaribia. Kesho utapika peke yako, nami nitakaa nje."